Simu yenye akili ni ile yenye mtu wa kujibu: mawazo kutoka Kibombo

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, kampuni ya Samsung ilitoa simu mpya ikisema ina akili bandia, na kwamba inaweza kutafsiri maongezi ya watu wawili papo hapo. Mwanzoni lugha zilikuwa 13. Kifaransa kilikuwemo. Kipolandi kilikuwemo, na Kithai pia. Kiswahili hakikuwemo. Kijana wetu aliyemaliza masomo Kindu anaweza kuongea na simu hiyo kwa Kifaransa, kama atapata pesa ya kuinunua. Mama yake, anayeuza mafuta ya mawese kando ya reli hapa Kibombo, simu hiyo haikumwelewa.

Hatuandiki haya ili kulaumu kampuni moja. Tunaandika kwa sababu siku hizi watu wanazungumza sana juu ya namna ya kuifanya simu iwe na akili zaidi na itoe msaada zaidi. Mawazo mengi ni mazuri. Lakini karibu yote yanamfikiria mtu mwenye umeme nyumbani, mwenye mega za kutosha, anayejua kusoma, na ambaye simu ni yake peke yake. Katika parokia zetu za Maniema watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache. Tukitaka kujua ni simu gani inayosaidia, inafaa tuanze na wale wengine wote.

Hali ilivyo kwetu

Kibombo iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kindu, kwenye njia ya reli inayokwenda Samba na Kongolo mpaka Katanga. Treni ikija, soko linapumua: chumvi, sabuni na nguo vinashuka bei. Isipokuja, baiskeli na pikipiki ndizo zinazobeba kila kitu, mzigo na mgonjwa pia. Katika hali hiyo watu wetu waliipokea simu haraka kwa sababu ilifupisha njia. Habari ya msiba iliyokuwa ikitembea siku tatu, sasa inafika kabla jua halijatua.

Hata hivyo simu inatusaidia kwa shida. Ukitoka katikati ya mji, rezo inashikika mahali fulani tu: juu ya kilima, chini ya mti unaojulikana na kijiji kizima, au karibu na reli. Kuchaji ni kumlipa mwenye paneli ya jua au jenereta. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima, pengine na nyumba tatu. Wazee wengi, na hasa mama zetu, hawakupata nafasi ya kusoma. Meseji ikiingia wanamwita mjukuu awasomee, na siri ya mama inakuwa siri ya mjukuu. Tena Kiswahili chetu cha Maniema hakifanani na kile cha vitabu vya Tanzania, na wengi nyumbani wanaongea Kikusu.

Tukumbuke jambo moja zaidi. Bati linalounganisha vipande vidogo vya ndani ya simu linatokana na kasiterite, na kasiterite inachimbwa katika jimbo letu, huko Kalima, Punia na Kailo, tangu wakati wa ukoloni. Jasho la Maniema limo katika soko hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo tukiuliza simu itatusaidia nini, hatuombi sadaka.

Alhamisi za Kigoma

Mfano unaotufundisha zaidi uko karibu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na Novartis, Vodafone, IBM na ushirika wa Roll Back Malaria, walijaribu mpango ulioitwa SMS for Life. Ulifanyika katika wilaya tatu za vijijini: Lindi, Ulanga na Kigoma. Vituo vya afya vilivyohusika vilikuwa 129.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila Alhamisi meseji iliingia katika simu za wahudumu wa vituo ikiuliza: dawa za malaria zimebaki ngapi? Mhudumu alijibu kwa simu yake mwenyewe, bila kulipa, na aliyejibu kwa wakati alipewa uniti kidogo kama asante. Majibu yalikusanywa mahali pamoja. Mkuu wa afya wa wilaya aliweza kuona kituo kipi kimeishiwa na kipi kina akiba, kisha akaagiza dawa zihamishwe. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21, walibaki na vituo 26 kati ya kila 100.

Tuangalie vizuri ni nini kilichofanya kazi pale. Simu zilikuwa za kawaida, za kubonyeza. Hapakuwa na akili bandia. Kulikuwa na mambo matatu. Swali lilikuwa fupi, tena lilikuwa lile lile kila wiki. Kujibu hakukumgharimu mhudumu kitu. Na upande wa pili alikuwapo mtu mwenye madaraka, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma jibu na kufanya jambo. Ukiondoa hilo la tatu, yale mawili yanageuka mzigo. Muuguzi atajibu Alhamisi ya kwanza na ya pili. Akiona dawa haziji wala hakuna anayemwambia kwa nini, ya tatu ataiacha.

Tukiri pia kwamba vile vituo 26 vina maana yake. Simu haitengenezi dawa. Ghala la wilaya likiwa tupu, meseji itasema tu kwamba ni tupu. Lakini hata hilo ni afadhali kuliko mzazi kubeba mtoto mwenye homa kwa saa nne, akafika na kukuta rafu haina kitu.

Nehemia alilijua jambo hili. Wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu walitawanyika mbali mbali, kila mtu mahali pake, kama vijiji vyetu vilivyotawanyika kando ya reli. Katika sura ya nne tunasoma kwamba aliweka mpiga baragumu karibu naye, akawaambia watu wakisikia sauti yake wakusanyike hapo. Baragumu lilikuwa chombo tu. Nguvu yake ilikuwa katika lile agano la kwamba likilia, watu watakuja.

Simu inayochukua bila kujibu

Sisi Wakongomani tumeona pia upande mwingine. Mwaka 2020 serikali ilianzisha kodi iliyoitwa RAM, ya kuandikisha simu zote za mkononi. Simu ndogo ilidaiwa dola 1 kwa mwaka, na zile za intaneti dola 7. Pesa ilikatwa katika uniti za mwenye simu. Mtu aliweka uniti ili ampigie mgonjwa, akakuta zimepungua. Watu walinung'unika nchi nzima, bunge likauliza maswali, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa.

Kodi imekwisha, lakini ilituachia somo. Kama mtambo uliweza kuitambua kila simu ya Kongo ili ilipe, basi kuifikia kila simu kunawezekana. Njia ile ile inaweza kupeleka onyo la kipindupindu, tarehe ya chanjo au habari ya daraja lililovunjika. Tulikumbuka pia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchini kwa karibu siku 20. Mamlaka zinajua namna ya kuzima simu za watu wote kwa pamoja. Tunaomba zijifunze vilevile namna ya kuzitumikia kwa pamoja.

Pesa za simu nazo zina sura mbili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012 kwa njia ya Vodacom, na leo ziko Airtel Money na Orange Money. Mtoto aliyeko Lubumbashi anatuma pesa ya shule ya mdogo wake, na inafika Kibombo siku hiyo hiyo bila kungoja treni. Ni baraka. Lakini mama asiyejua kusoma anampa kijana simu yake na namba yake ya siri, amtolee pesa. Namba ya siri ikijulikana na watu watatu, si siri tena. Siku pesa ikipotea hajui amwulize nani, na akipiga namba ya msaada anajibiwa kwa lugha asiyoizoea. Hapo tena tunarudi kwenye swali lile lile: nani anajibu?

Mawazo matano

Kwa hiyo, tukiulizwa simu iboreshwe namna gani ili imsaidie mtu wa Kibombo, tungetaja haya.

La kwanza, sauti itangulie maandishi. Huko Madagascar, tangu mwaka 2010, watu wameweza kupiga namba fupi, kubonyeza 1 au 2 au 3, na kusikiliza mafundisho ya afya au ya kilimo, hata kwa simu ndogo kabisa. Hapa Kongo shirika la Viamo lilileta huduma ya namna hiyo kwa njia ya Vodacom. Jambo hili linafaa kuendelezwa, na sauti zirekodiwe na watu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa. Siku ya Pentekoste watu hawakuambiwa wajifunze kwanza lugha ya mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

La pili, simu ndogo isiachwe nyuma. Mwaka 2019 kampuni ya Orange ilitangaza simu ya bei ya karibu dola 20, iliyoitwa Sanza, yenye vitufe na intaneti kidogo, inayotumia programu ya KaiOS. Lilikuwa wazo jema. Lakini mwaka 2024 WhatsApp ilianza kujiondoa katika simu za KaiOS, na aliyenunua simu ya namna hiyo kwa ajili ya WhatsApp akabaki na simu isiyomtumikia tena. Huduma yoyote ya lazima, iwe ya afya, shule au onyo la hatari, ifanye kazi kwanza kwa meseji ya kawaida, au kwa zile namba tunazofungua kwa nyota, ambazo hazihitaji mega. Ghana walionyesha njia: tangu mwaka 2007 mpango wa mPedigree umefanya kazi ili mnunuzi wa dawa akwangue namba kwenye kasha, aitume kwa meseji bila malipo, ajibiwe kama dawa ni ya kweli. Katika masoko yetu, ambako vidonge vinauzwa juani kwenye beseni, jibu la namna hiyo lingeokoa watoto.

La tatu, simu ifanye kazi hata pasipo rezo. Meseji ina adabu ya kungoja: ukiwa bondeni inakusubiri, ukipanda kilima inaingia. Programu nyingi mpya hazina uvumilivu huo. Rezo ikikatika zinageuka kioo tupu. Tunahitaji programu ambazo mafundisho yake yamo ndani ya simu yenyewe, na zinazoweza kupita kutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth, kama vijana wanavyopeana nyimbo za kwaya. Redio ya FM nayo isiondolewe katika simu. Tangu mwaka 2002 Radio Okapi inaongea na Wakongomani kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, na kuisikiliza kwenye FM hakuli mega hata moja.

La nne, simu itambue kwamba ni ya nyumba nzima. Watengenezaji wanadhani kila simu ina mwenyewe mmoja. Kwetu baba, mama na binti wanashika simu moja. Simu ingekuwa na mlango kwa kila mmoja, ili matokeo ya mama kutoka hospitali yasisomwe na kila anayepita. Na kwa asiyesoma, simu imsomee kwa sauti sikioni pake, na imtajie kiasi cha pesa kabla hajathibitisha.

La tano, onyo la hatari lifike kwa wote. Mnara wa simu unaweza kutuma ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo karibu nao, bila kujua namba zao na bila kuhitaji intaneti. Nchi nyingine zinatumia njia hiyo kwa mafuriko na matetemeko. Sisi tungeitumia kwa kipindupindu, na kwa Lualaba inapofurika.

Kazi ya Kanisa

Mengi katika haya yako mikononi mwa kampuni na serikali. Tuyaseme kwao bila woga, na viongozi wetu wa Kindu wayapeleke mbele. Lakini lile jambo la tatu la Kigoma, mtu wa kujibu, halingoji Kinshasa. Kanisa lina watu karibu kila kijiji. Tuna wachungaji, mashemasi, mama wa kanisa, vijana na wanakwaya. Hakuna kampuni ya simu yenye watu wengi hivyo katika teritware yetu.

Yamekwisha kufanyika mahali pengine. Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Afrika ya Magharibi, Kanisa la Muungano la Metodisti lilituma meseji kwa wachungaji na viongozi wake katika Liberia na Sierra Leone, nao wakazipeleka kwa watu. Meseji ilikuwa ya maneno machache. Ilisikilizwa kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyejulikana, tena anayeweza kuulizwa. Huko Tanzania, tangu mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilituma meseji za bure kwa Kiswahili kwa mama wajawazito, ikiwakumbusha kliniki na dalili za hatari.

Tunapendekeza kila parokia ichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wawe walinzi wa simu. Wawe na daftari, siyo simu tu, lenye namba za muuguzi wa kituo, za mwenye pikipiki anayekubali kusafiri usiku, na za hospitali iliyo karibu, Kibombo au Tunda. Wawajue mama wenye mimba ya miezi minane, kwa ruhusa yao wenyewe. Simu ikilia usiku wa manane, wajue wamwamshe nani.

Walinzi hao wasaidie pia katika habari za uongo. Tangu mapigano ya mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, jamaa nyingi zimetawanyika, na karibu kila nyumba ina mtu huko. Sauti moja ya WhatsApp, isiyo na jina wala tarehe, inaweza kuwatoa watu katika nyumba zao kwa hofu. Mithali inatufundisha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze. Kabla ya kupeleka mbele, tuulize: nani amesema, lini, na nani aliyeko pale tunaweza kumpigia? Habari isiyo na mtu wa kuulizwa isipite mikononi mwetu.

Kuna mipaka ya kushika. Jina la mgonjwa lisiandikwe katika kundi la WhatsApp la kanisa, wala picha yake kitandani. Mambo ya ungamo na ya ndoa yasiongelewe kwa simu inayoshikwa na watu watano. Na simu isichukue nafasi ya miguu. Mjane aliyepigiwa simu ameshukuru, lakini aliyetembelewa amefarijiwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuahidi kujibu, kisha kunyamaza. Mtu aliyepiga mara tatu bila kujibiwa hatapiga mara ya nne, hata siku mtoto anapozidiwa. Kwa hiyo tuanze kidogo: parokia chache, swali moja, miezi mitatu. Swali liwe lile la Kigoma. Kila Alhamisi mlinzi ampigie muuguzi na kumwuliza: dawa za malaria zimebaki ngapi? Jibu liandikwe katika daftari na kupelekwa kwa daktari wa zoni ya afya, ambaye tukubaliane naye mapema. Siku ya Bwana, kwenye matangazo, watu waambiwe ukweli: zipo, au hazipo na zimeombwa lini.

Na kabla ya kupiga simu ya kwanza, tuketi pamoja tukate shauri: kituo kimoja kikiwa na akiba na kingine kikiwa kimeishiwa, ni nani atakayepanda baiskeli kuzipeleka? Uniti za simu tutazipata. Jina la huyo mtu tuliandike kwanza.